Klarineti: nani kaweza klasiki na jazi vyote viwili?

Mpulizaji_Moro: Wakuu, napuliza klarineti bendi ya kanisa. Mwalimu kanipa ile sehemu ya polepole ya koncheto (utunzi wa ala moja ikiongoza mbele ya okestra) ya Mozart, aliyomtungia Anton Stadler mwaka 1791. Nyumbani nasikiliza jazi tu. Mwalimu anasema jazi itaniharibia mdomo, nichague moja. Kuna aliyepiga vyote akaheshimika kote?

MstaafuBrassbendi: Kijana, Benny Goodman, nyota wa klarineti ya jazi. Wengi wanamjua kwa onyesho la ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Januari 1938. Mwaka huohuo alirekodi kwinteti (utunzi wa ala tano) ya Mozart, na Bartók akamtungia Contrasts, yeye na mpiga fidla Szigeti. Halafu Copland akamtungia koncheto, ikapigwa mara ya kwanza 1950. Tafuta pale katikati klarineti inapobaki peke yake: inaanza taratibu, mapigo ya jazi yanajipenyeza kidogokidogo, mara okestra hiyo imeingia.

Kuhusu mdomo, mwalimu wako ana hoja. Goodman alikuwa karibu miaka 40, jina limeenea dunia nzima, alipokwenda kwa Reginald Kell, Mwingereza, kufundishwa upya. Alizoea kuegemeza meno ya juu kwenye kipulizio. Kell akamtaka ayafunike kwa mdomo, juu na chini. Jaribu dakika tano tu, mdomo wa juu utawaka moto! Ila sauti inalainika. Kwangu mimi, Goodman kwenye Mozart bado anapiga kama kavaa suti ya kuazima. Kwa Bartók ndipo yuko kwake.

Dada_Swing: Shikamoo mzee. Artie Shaw, yule mpiga klarineti mwingine wa jazi, umemtupa wapi? Koncheto yake ya 1940 inaishia kwenye noti ya juu kabisa na haitetereki. Sauti pana kuliko ya Goodman. Mwaka 1954 akaweka klarineti chini, basi, hakutaka tena.

MstaafuBrassbendi: Marahaba binti. Kwa sauti nakupa, Shaw mtamu zaidi. Lakini kijana kauliza klasiki, na koncheto ile Shaw alijitungia mwenyewe.

Mpulizaji_Moro: Nimejaribu midomo miwili, mzee. Inauma kweli. Natumia ridi (kile kijiti chembamba cha kwenye kipulizio) namba 3.

MstaafuBrassbendi: Nzito hiyo kwa kuanzia. Shuka 2½, piga noti ndefu za chini tu kwanza. Mozart asubiri.