Tupeane uzoefu: nani mwingine kaponzwa na tetesi za grafiksi kadi mpya?

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga hapa, nina kiofisi cha kuhariri video za harusi na jioni vijana wanacheza gemu. Naona tetesi za chipu zijazo za grafiksi kadi (kifaa cha kompyuta kinachochora picha) zimeanza tena, mara memori itaongezwa mara mbili, mara itaiacha ya sasa mbali kabisa, nikacheka peke yangu maana haya maneno yalishanila. Januari 2025 Jensen Huang, bosi wa Nvidia wanaotengeneza hizi kadi, kasimama Las Vegas kasema RTX 5070 ya dola 549 itakimbia kama 4090, kadi yao kubwa ya kizazi kilichotangulia, mimi huyo wiki ileile nikaiuza kadi yangu ya zamani 1060 bei ya kutupa nikijua wote watauza. Kumbe hesabu yenyewe ina fremu za AI ndani, yaani picha moja moja za gemu, kadi inachora moja zinajaziwa tatu, sasa kwenye kurenda harusi, kutoa video iliyokamilika, hizo fremu za kujazia zinanisaidia nini? Msimu mzima nikawa naazima kompyuta ya jirani. Nyie je?

Wa Ujiji: Yangu ya 2017. AMD, washindani wa Nvidia, wameanza kuisifia kadi yao Vega tangu Januari, hadi tangazo lao likawa linamdhihaki Volta, chipu ya Nvidia, nikasema hela haitoki mpaka ije. Imekuja Agosti inalingana na 1080 ya Nvidia iliyokuwa sokoni tangu 2016, tena inakula wati 295 wakati mwenzake 180. Na enzi hizo sisi bado umeme wa majenereta ya dizeli, ukicheza kidogo tu stebilaiza inalia kama mtoto 😂 Halafu wachimba kripto wakazigombania, bei ikapaa, nikabaki na hamu yangu.

Wa Kasulu: Mimi natumia kadi ya 1050 Ti, wati 75, inavuta umeme kwenye sloti ilipochomekwa haitaki hata waya. Sisubiri kitu mimi.

Wa Tabora: Mimi napingana kidogo. Tetesi zilisema kadi ya 4060 itakuja na memori 8GB na njia ya kupitishia data ya biti 128, watu wakabisha, ikatoka Juni 2023 hivyohivyo. Kwa sababu hiyo nikachukua 3060 ya 12GB yenye biti 192, sijajuta hata siku moja. Tetesi za memori huwa zinakaribia, hizo za kasi itaongezeka asilimia ngapi ndo za kunywea kahawa barazani.

Wa Ujiji: Za wati je? 4090 tuliambiwa 600, ikaja 450.

Wa Tabora: Hapo sibishi.

Wa Mwanga: Mkuu wa Tabora, hiyo 3060 unaiuza? Ukiipandisha treni naipokea stesheni mwenyewe, pawasaplai ninayo.

Wa Tabora: Siuzi ndugu yangu. Labda hizo mpya zikitoka.