Neno "positive" limewahi kukutesa? Tupeane uzoefu

Mama Kulwa
Wapendwa, leo dukani kijana kamwambia mwenzake "kuwa positive tu, mambo yatakaa sawa". Moyo ukanipasuka, nikarudi 2009. Mimba ya kwanza, miezi minne. Kliniki wakanitoa damu, foleni ndefu, nesi akanirudishia kadi bila neno. Nje ya geti nikafungua: "B positive". Mimi elimu yangu ya darasa la saba, neno hilo nililijua kwa jambo moja tu, la ukimwi. Sikurudi nyumbani. Nilipanda daladala hadi kwa dada yangu Mbagala, siku tatu maji tu. Mume anapiga simu, sipokei, nimeshaamua kuwa yeye ndiye aliyeniletea. Siku ya nne dada kanipeleka kwa mkunga mstaafu mtaani kwake. Akasoma kadi, akanishika mkono: "Mwanangu, hili ni kundi la damu." Nililia kuliko siku zile tatu. Nani mwingine yalimkuta?

Msukuma halisi
Mimi, kwenye kadi ya kuchangia damu. O positive. Usiku sikulala.

Dada wa Maabara
Poleni sana. Maabara "positive" haina maana ya kizuri wala kibaya. Maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Ukipima mimba ni mimba, ukipima malaria ni vimelea. Kwenye kundi la damu kinachotafutwa ni Rh, alama iliyo juu ya chembe nyekundu, na watu wengi tunayo. Haihusiani na virusi hata kidogo.

Mzee wa Bombo
Ndiyo maana tuseme "chanya" na "hasi". Kiswahili kipo, tunajitesa bure.

Nyamizi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubali. "Mtazamo chanya" si ndio mzuri? Mgonjwa akiambiwa majibu ni chanya atashangilia vilevile. Aambiwe "umekutwa na virusi", basi.

Mzee wa Bombo
Marahaba. Ila kumtamkia mtu hivyo uso kwa uso ni ukali.

Baba Neema
Wakubwa, nisomeni taratibu. 2017 nilitafuta kazi ya udereva Oman. Wakala akanituma kupima afya. Daktari mgeni, Kiswahili hajui, akaniambia "positive" na kunipa karatasi ya Kiingereza. Nikamshika mkono wa shukrani. Nikampigia mke wangu: nimefaulu! Alichinja kuku, majirani wakaja. Wakala akaacha kupokea simu, nikadhani tapeli. Miezi minane baadaye nikaanza kukohoa, jasho la usiku, suruali inaniporomoka. Ilikuwa TB. Daktari aliponiuliza kama nimewahi kupima virusi, nikatoa ile karatasi kwa fahari kabisa. Akainamisha kichwa muda mrefu.

Nyamizi
Mungu wangu. Na shemeji?

Baba Neema
Kapimwa mara tatu, hana. TB nilimaliza dozi miezi sita, ARV sijawahi kuruka hata siku moja. Sasa kipimo hakivioni virusi, na daktari katuhakikishia kwa hali hiyo simwambukizi mwenzangu. Neema kazaliwa baada ya hapo, mzima.

Msukuma halisi
Kaka, nimesimamisha kazi kukusoma.

Fundi Betri
Kwangu positive ni waya mwekundu. Ushauri: usifungue karatasi ya majibu njiani, subiri ufike nyumbani.

Mama Kulwa
Hapana fundi! Fungua pale pale dirishani, muulize aliyekupa, hata foleni ikinung'unika.

Tausi 24
Samahani kuingilia. Yangu imeandikwa O negative, mimba wiki 20. Mama mkwe kasema nishukuru.

Dada wa Maabara
Mdogo wangu, baba mtoto ni kundi gani? Akiwa positive, mtoto anaweza kuwa positive, na mwili wako ukatengeneza kinga ya kuishambulia damu ya mtoto, hasa mimba zijazo. Ipo sindano ya Anti-D: hutolewa karibu wiki 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa positive. Mwonyeshe mkunga hiyo kadi, uliza sindano mapema maana si kila kituo wanayo.

Tausi 24
Yeye ni A positive. Kliniki yangu ni Jumatatu.

Dada wa Maabara
Jumatatu sawa. Ila ukiona damu ikitoka, au ukianguka tumbo likagonga, nenda siku hiyo hiyo.