Naomba ushauri: hosti ya kushirikiana au VPS (seva pepe ya peke yako) kwa tovuti ya biashara ndogo?

Wakuu, habari zenu. Nina biashara ndogo ya kushona sare na nataka tovuti ya kurasa chache tu: picha za kazi, fomu ya oda, na barua pepe zenye jina la biashara. Naijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Kinachonitatiza ni pa kuihosti, yaani seva ya kuiweka ili ionekane mtandaoni.

Nilivyoelewa, kwenye hosti ya kushirikiana tovuti nyingi zinagawana seva moja, kwa hiyo jirani akijaza wageni na wewe unaweza kuzorota. Ni nafuu, ila kampuni nyingi zinatangaza bei ya mwaka wa kwanza. Ile ya kulipia upya, ambayo huwa kubwa zaidi, wanaificha kwa herufi ndogo chini kabisa. Hilo linaniudhi.

VPS unapata sehemu yako ya kumbukumbu na prosesa, lakini masasisho na ulinzi ni juu yako, na mimi Linux, mfumo endeshi wa seva hizo, siijui. Ipo inayosimamiwa na kampuni yenyewe, sema bei inapanda. Kwa wageni wachache kwa siku, si itakuwa kuua mbu kwa rungu?

Halafu kampuni za hosti wananiuzia cheti cha SSL (cha kulinda mawasiliano kati ya tovuti na wageni), wakati shirika la Let's Encrypt wanatoa bure. Kuna sababu ya kulipia?

Na kikoa (anwani ya tovuti), nikisajili kwa kampuni nyingine kabisa, kwa jina langu, ili siku nikitaka kuhama nisibanwe? Mliowahi kuhama hosti nisaidieni hapo hasa: barua pepe za zamani mlizihamishaje bila kuzipoteza?