Dumu la bayogesi la klabu ya sayansi: tyubu imejaa lakini gesi haiwaki

mwl_bayolojia
Wakuu, habari za majukumu. Klabu ya sayansi ya Kidato cha Tatu inakutana Jumamosi, nje ya vipindi. Wametengeneza mtambo mdogo: dumu la lita 20, samadi mbichi ya ng'ombe na maji ya bomba nusu kwa nusu, limejaa hadi karibu na shingo. Mpira wa dripu umepita kwenye kifuniko na kuingia kwenye tyubu ya pikipiki. Tyubu ilivimba mapema sana, sasa ni wiki ya pili, lakini ukisogeza kiberiti mdomoni mwa mpira kinazimika. Tuko nyanda za juu, usiku ni baridi. Wanafunzi wanataka kuongeza ugali na maganda ya ndizi ili "ipate nguvu". Tatizo ni nini? Na kuna cha kupima, au ni kungoja moto tu?

fundi_kuba
Mwalimu, ugali usiweke. Hapo ndipo madumu mengi ya shule hufia.

Ndani ya dumu kuna makundi mawili ya vijidudu. La kwanza huvunja chakula na kutoa asidi pamoja na kabonidayoksaidi, nalo hukua haraka. La pili hugeuza hiyo asidi kuwa methani, yaani gesi inayowaka, nalo hukua polepole na halitaki hewa wala uchachu. Gesi iliyojaza tyubu yenu mapema ni ya kundi la kwanza, ikichanganyika na hewa iliyokuwa juu ya dumu. Ndiyo maana inazima kiberiti. Ukiongeza ugali, kundi la kwanza linashiba, asidi inapanda, la pili linasimama kabisa.

Kamua tyubu mpaka iwe bapa, bana mpira, ifunge upya. Ikijaa tena, rudia. Kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35 gesi inayowaka hupatikana wiki ya pili au ya tatu. Kwenu subirini mwezi na zaidi. Chini ya nyuzi 15 kazi karibu inasimama. Pakeni dumu rangi nyeusi, liweke juani mchana ndani ya boksi lenye pumba za mpunga au majani makavu pande zote.

Pimeni pH, yaani kipimo cha uchachu. Inatakiwa kati ya 6.8 na 7.5. Ikishuka chini ya 6.5, koroga kijiko kimoja cha chai cha chokaa kwenye kikombe cha maji, mimina, pima tena kesho yake kabla ya kuongeza kingine. Msifungue dumu kila siku kuchungulia.

Mengine mawili: punguzeni tope liwe robo tatu ya dumu, maana likijaa povu hupanda na kuziba mpira. Na maji ya bomba yenye klorini yalazwe kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya.

Mama Maabara
Naongezea usalama. Kuwasha moja kwa moja kwenye mpira uliotoka kwenye tyubu ni hatari. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ndani ya hewa hulipuka, na tyubu ya mwanzo ina hewa. Katikati ya tyubu na moto wekeni chupa ya maji yenye mirija miwili: wa kuingiza gesi uzame sentimita 5 hivi, wa kutoa ubaki juu ya maji. Moto ukirudi nyuma unafia kwenye maji. Mdomo wa kuwashia uwe bomba jembamba la chuma. Antena ya redio mbovu inafaa. Moto ukiruka na kuzimika, punguza gesi kwa kile kigurudumu cha dripu.

Wavujaji wakubwa ni kifuniko na valvu ya tyubu. Pakeni povu la sabuni, mtaona mapovu yakivimba. Na msibane mpira kisha mkaenda likizo, dumu litapasuka.

Wanafunzi waambiwe ukweli wa hesabu pia. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa kama lita 30 hadi 40 za gesi kwa jumla. Kilo 8 za dumu lenu ni takriban lita 280, zikigawanywa kwa siku 50 au zaidi ni lita 5 kwa siku. Jiko la nyumbani hula lita 200 hadi 400 kwa saa. Chai haitachemka.

fundi_kuba
Kweli kabisa. Kwa kupika inatakiwa kuba, yaani mtambo mkubwa wa kujengwa, la mita za ujazo 4 na ng'ombe wawili watatu wa kufugwa ndani.

kemia_tu
Cha kupima kipo, na kwa klabu ndicho chenye utamu kuliko moto. Chukua sirinji ya mililita 60, vuta mililita 40 za gesi, kisha vuta mililita 10 za maji ya kostiki soda. Ziba mdomo, tikisa dakika moja. Kostiki inameza kabonidayoksaidi na kisukumio cha sirinji kinarudi ndani chenyewe. Gesi ikibaki mililita 24, iliyomezwa ni 16, yaani asilimia 40. Kilichobaki ni methani, ila kama tyubu haikukamuliwa, naitrojeni ya hewa nayo imo na itawadanganya. Pimeni kila Jumamosi, mchore grafu. Inayowaka vizuri huwa na methani nusu au zaidi.

mwl_bayolojia
Asanteni sana. Ugali umefutwa. Kostiki nichanganye kiasi gani, na inapatikana wapi?

kemia_tu
Gramu 4 kwa mililita 100. Wauza malighafi za sabuni wanayo. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, maana huchemka na kuruka. Miwani na glavu kwa anayetikisa, na ndoo ya maji safi pembeni.