Naomba ushauri: hofu ya chembe za plastiki inaninyima raha ya kuvua

Habari zenu wakuu. Mimi niko Ujiji, Kigoma. Kazi yangu ni ya duka, ila Jumapili starehe yangu ni mtumbwi na ndoano. Nikibahatika kupata kuhe hata mmoja, wiki nzima naisimulia.

Shida imeanzia kwenye mshipi. Huu wa nailoni nimeuzoea kuukata kwa meno tangu utotoni, fundo nalikaza kwa mate. Juzi nikasoma habari za mikroplastiki, vile vipande visivyofika milimita 5, kwamba mwaka 2024 watafiti wa Italia walieleza kuvikuta kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya damu ya shingo. Eti waliokutwa navyo walipata zaidi kiharusi na mshtuko wa moyo, ingawa haikuthibitishwa kuwa plastiki ndiyo chanzo.

Hiyo "ingawa" ndiyo akili yangu inaikataa. Nasukutua mara nne, nachunguza ulimi kwenye kioo (msinicheke), usiku nahesabu mapigo ya moyo. Mke wangu kaniambia, "Baba, maji unakunywa ya ndoo ya plastiki, leo unaogopa uzi?" Alitaka kunituliza, sasa naiogopa na ndoo.

Mkasi nimeshanunua, meno yamepumzika. Ila hofu haijaondoka. Kuna aliyewahi kuandamwa na wasiwasi wa namna hii? Ulifanyaje? Na hospitali naanza na daktari yupi bila kuonekana nimechanganyikiwa? Ila tafadhali, msiniambie niache kuvua.