Naombeni ushauri: fizi zinatoka damu, jino limeanza kucheza

Seremala wa Buguruni: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 34. Tangu Machi, kila nikipiga mswaki natema damu, fizi zimevimba, na jino moja la mbele chini linacheza nikiligusa kwa ulimi. Halina tundu wala haliumi. Chai nakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, mchana soda. Mke wangu anasema ni sukari. Mimi nilijua sukari inatoboa meno tu, fizi inahusikaje? Upande huo nimeacha kupiga mswaki nisijitoneshe.

Mama Pacha: Pole sana kaka. Mswaki usiache! Tafuta laini, piga taratibu, hata damu ikitoka.

Tabibu wa Meno: Mkuu, shemeji hajakosea, ila sukari haifanyi kazi peke yake. Inalisha bakteria wa ule utando unaonata kwenye meno. Usipoondolewa unaganda kuwa ugaga, na hapo mswaki hauutoi tena. Mwili ukipambana na bakteria hao fizi inavimba. Uvimbe ukidumu, mfupa ulioshika jino unalika. Ndiyo maana linacheza bila tundu.
Kuna utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2009: watu 10 waliishi wiki 4 kwa vyakula vya enzi za mawe, bila sukari ya kiwandani wala mswaki wa kisasa. Utando uliongezeka, lakini damu kwenye fizi ilipungua. Mswaki usiache kwa ajili hiyo, nakuonyesha tu uzito wa chakula. Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana sukari ya kuongezwa iwe chini ya gramu 25 kwa siku, kama vijiko 6. Wewe kwenye chai tu una 9.
Nenda upigwe eksirei na usafishwe ugaga hadi chini ya fizi. Mfupa uliolika haurudi wenyewe, tunaokoa uliobaki.

Mdigo: Na upime kisukari. Mimi kilianzia kwenye fizi hivyo hivyo. Kisukari kinaharibu fizi, na fizi mbovu zinapandisha sukari.

Seremala wa Buguruni: Asanteni sana. Nasikia kusafishwa kunalegeza meno, kweli?

Tabibu wa Meno: Hapana. Ugaga ukitoka utahisi mapengo kwa sababu ndio uliokuwa umejaza hapo, na maji baridi yatakupa ganzi siku kadhaa. Nenda wiki hii.