Tupeane uzoefu: mji wa kubuni kwa mchezo wa mezani, tuujenge kuanzia chemchemi

Mwanzisha mada, Kampala

Wenzangu wasimamizi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, sisi tunaosimulia huku wachezaji wakiamua wahusika wao wafanye nini, hapa tukusanye mbinu za kuunda mji wa kubuni ambao wachezaji watauzunguka vikao kumi na bado wautamani. Hadithi za vikundi vyetu tuziweke kando kwa leo. Tulete hatua, vipimo, na mahali kazi inapoharibika. Ili mahesabu yashikane, tutumie mji mmoja wa mfano. Nauita Kisimbi: wakazi 10,000, nchi ya vilima na vinamasi, mashine hakuna, na uchawi upo ila ni ghali.

Naanza na ardhi. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchora ukuta wa duara, kuweka ikulu katikati, kisha kujaza mitaa kama mtu anayegawa vyumba. Mji wa namna hiyo hauna sababu ya kuwa na fujo. Chora vilima kwanza, mabonde ya pili, na barabara zifuate migongo ya vilima. Palipo na kinamasi weka tuta moja la kuvukia, basi. Tuta hilo litakupa ugomvi wa mwaka mzima: nani anatoza ushuru, nani analitengeneza mvua ikilila.

Kampala ni shule nzuri kwa hili. Namirembe kuna kanisa kuu la Kianglikana, Rubaga la Kikatoliki, Kibuli msikiti, Mengo ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kila mwenye uzito ana kilima chake na wenzake wanakiona. Mchezaji akiuliza nani mkubwa hapa, humpi hotuba, unamwambia ainue macho. Kwa Kisimbi vilima vitano vinatosha. Ukiweka kumi, wachezaji watakumbuka vitatu.

Vipimo: mji wa zamani wenye ukuta unaweza kuhesabiwa watu 150 kwa hekta. Kwa watu 10,000 unapata hekta 67, yaani duara la kipenyo cha mita 920 na ukuta wa kilomita 2.9. Ukichora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 50, mji wote unaingia kwenye karatasi ya A4. Kutoka lango hadi lango ni dakika 12 kwa miguu kwenye tambarare. Kwa vilima na msongamano andika 25. Kumbuka namba hiyo, wachezaji watauliza kila kikao.

Mchangiaji, Jinja

Mwanzisha mada umesema vilima, mimi nasema maji. Kabla ya kuandika jina la mfalme, hesabu mitungi.

Mtu mmoja kwa siku mpe lita 15 za kunywa, kupika na kunawa. Watu 10,000 ni lita 150,000, sawa na mitungi 7,500 ya lita 20. Chemchemi inayotoa lita 1 kwa sekunde hujaza mtungi mmoja kwa sekunde 20. Watu wakichota saa 12 za mchana tu, chemchemi hiyo inatoa mitungi 2,160. Kwa hiyo Kisimbi inahitaji chemchemi nne, na ziada ni ndogo sana. Sasa ziba moja. Tatu zilizobaki zinatoa mitungi 6,480. Watu 1,360 wamekosa maji, na hujamleta joka wala jeshi. Weka chemchemi mbili kwenye ardhi ya ukoo mmoja, halafu uone wachezaji watakavyoanza kujipanga wenyewe.

Upande wa maji machafu nao una kanuni yake. Wachinjaji na watengeneza ngozi wakae chini ya mkondo, kamwe si juu ya chemchemi. Ramani nyingi huharibika hapo, kwa sababu msimamizi huweka mtaa wa ngozi palipobaki nafasi. Kisha acha kinamasi cha mafunjo kati ya mji na ziwa. Hapa kwetu mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya Kampala hadi Ziwa Victoria kwa kupitia kinamasi, na mafunjo huchuja sehemu ya uchafu. Katika mchezo, tajiri mmoja akianza kufyeka mafunjo alime viazi, bandari ya wavuvi itaanza kunuka baada ya vikao viwili. Hiyo ni kesi ya uchunguzi iliyokamilika.

Mchangiaji, Masaka

Chakula. Watu huandika "mashamba" pembeni ya ramani na kuendelea. Msifanye hivyo, kwa sababu aina ya chakula ndiyo inayoamua umbo la vita.

Mtama na ulezi: kilo 0.6 kwa mtu kwa siku, mji mzima kilo 6,000, magunia 60 ya kilo 100. Mpagazi akibeba kilo 30, ni wapagazi 200 kila siku. Nafaka hukaa ghalani miezi. Matoke: mkungu ni mzito, una maganda na maji mengi, kwa hiyo hesabu kilo 2.5 kwa mtu. Mji mzima ni tani 25, wapagazi zaidi ya 830 kwa siku! Na ndizi hazikai. Zikishakatwa zitaiva ndani ya siku chache. Faida yake ni kwamba mgomba huzaa mwaka mzima, hakuna miezi ya njaa ya kungoja mavuno.

Basi mji wa nafaka huweza kuzingirwa miezi miwili ukiwa na magunia 3,600 ghalani. Mji wa matoke huanza kupiga mayowe wiki ya pili. Kisimbi ifanyeni nusu kwa nusu, mtapata wapagazi kama 515 kila asubuhi. Kwa malango manne, kila lango linapokea 130. Saa tatu za kwanza, mmoja kwa kila sekunde 80 hivi. Mlinzi akianza kupekua kila mzigo kwa dakika 3, watapita 60 tu na 70 watabaki nje wakilalamika. Ukitaka kuonyesha kwamba utawala mpya una hofu, onyesha foleni hiyo.

Mchangiaji, Kasese

Mji uwe na kitu unachouza. Nawapa chumvi. Ziwa Katwe huku kwetu chumvi huvunwa kwenye vidimbwi: jua hukausha maji, mvua huyarudisha. Kwa hiyo bei ya chumvi katika Kisimbi ipande miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na ishuke kiangazi. Andika bei mbili tu, ya jua na ya mvua. Jedwali la bei arobaini halisomwi na mtu.

Fedha pia. Simbi, yaani kauri, zilitumika Buganda kama fedha, na neno ensimbi bado ndilo la fedha kwa Kiganda. Simbi moja ina uzito wa gramu moja au zaidi kidogo, kwa hiyo simbi 20,000 ni mzigo wa mtu mmoja. Wachezaji wakiiba hazina ya simbi laki mbili, wanahitaji wapagazi kumi, na kila mpagazi ana mdomo. Wizi unakuwa mtamu ajabu.

Mchangiaji, Mbale

Nakubali hesabu zote hizo ila naomba tahadhari. Ukihesabu maji, chakula na ushuru, simama hapo. Wachezaji hawali mahesabu. Kila hesabu igeuzwe kitu kinachoonekana mtaani: foleni, harufu, ugomvi. Isipogeuka, ifute.

Kwa kila mtaa andika mistari minne: kinachosikika, kinachonukia, mtu mmoja anayejua habari, na tatizo moja ambalo mtu mwingine wa mtaa wa pili analifurahia. Mstari huo wa nne ndio wengi huuruka, na ndio unaoshona mitaa pamoja. Mitaa mitatu iandikwe hivyo kwa ukamilifu, iliyobaki ipewe mstari mmoja mmoja mpaka wachezaji waelekee huko.

Mchangiaji, Fort Portal

Kuhusu dadu. Jedwali la matukio ya mtaani lisitumie dadu moja ya pande 20. Kwenye dadu hiyo kila namba ina nafasi sawa, kwa hiyo mchawi aliyelaaniwa anatokea mara nyingi sawa na muuza mbuzi. Tumia dadu mbili za pande 6 na ujumlishe. Saba hutoka mara 6 katika 36; mbili na kumi na mbili hutoka mara 1 kila moja. Ya kila siku yaweke 6, 7 na 8, ambazo pamoja ni 16 katika 36. Maajabu yaweke kwenye ncha. Tukio likitokea, likate na uandike matokeo yake papo hapo: aliyekuwa anauza mbuzi sasa anamtafuta mwizi wake.

Na walinzi jamani! Ukuta wa kilomita 2.9 wenye askari mmoja kila mita 60 unataka askari 48, kwa zamu tatu 144. Wa kuzunguka mitaani hawabaki wengi. Wakiitwa watafika baada ya dakika 10. Kama mfumo wenu una raundi ya sekunde 6, hizo ni raundi 100. Pambano limekwisha zamani. Wanaofika mapema ni majirani. Buganda yowe la kuomba msaada huitwa enduulu, na anayelisikia hutoka. Mtaani weka majirani sita ndani ya raundi 10, wenye fimbo na tochi za moto, wasiojua nani mwenye makosa. Wachezaji watajieleza badala ya kukata panga tu.

Mwanzisha mada, Kampala

Mbale na Fort Portal, asanteni, hasa hilo la enduulu. Naongeza historia, maana mji usio na jana hauaminiki. Wafalme wa Buganda walikuwa wakihamisha makao kutoka kilima hadi kilima. Kasubi ilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Muteesa wa Kwanza, na mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Chukueni kanuni hiyo kwa Kisimbi: mfalme akifa, kilima chake hubaki na kaburi na walinzi wake, na mrithi huhamia kingine. Kati ya vilima vyenu vitano, kimoja kina mfalme aliye hai na vitatu vina wafu wenye watumishi, ardhi na madai. Cha tano hakina mtu. Kwa nini hakuna mrithi aliyekichagua? Msijibu swali hilo kabla ya kikao cha nne. Sikilizeni kwanza wachezaji wanadhani nini.

Mchangiaji, Entebbe

Majina mafupi tu nitasema. Jina la mtaa libebe kazi yake: Chumvini, Ngozini, Tutani, Mitungini. Kampala yenyewe imetokana na swala pala wa kilima kile. Majina mawili yasianze kwa herufi moja, la sivyo mezani watachanganya Kibanda na Kibondo mpaka usiku.

Mchangiaji, Gulu

Kwa makundi yanayovutana, chora duara na uligawe vipande 6 kwa kila kundi: wenye chemchemi, wenye tuta, walinzi wa makaburi. Yakiwa matatu yanatosha. Mwisho wa kila kikao jaza kipande kimoja kwa kundi ambalo wachezaji hawakuligusa. Kipande cha tatu kikijaa, mji uone dalili. Cha sita kikijaa, jambo linatokea, hata kama wachezaji wako upande mwingine. Linaloharibu mbinu hii ni msimamizi kuona huruma na kusimamisha duara. Usilisimamishe.

Kikao cha kwanza kianzie nje ya lango saa moja asubuhi, kila mhusika akiwa na mzigo wa kilo 30 wa chumvi kichwani, mbele yao watu 70.